Shanga za Nyuzi Mbili

Sogeeni mbele, ndugu zangu. Marehemu dada yetu hakuwahi kuanza somo viti vya mbele vikiwa vitupu.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mkunga. Akiwa na miaka saba alikata mkufu wa mama, akatunga shanga upya kwenye nyuzi mbili: kila ushanga mwekundu ulitazamana na mweupe, kila wa bluu na mweusi.

“Wewe mtoto, umeniharibia shanga zangu!”

“Sijaharibu, mama. Uzi mmoja ukipotea, wa pili utakwambia ulivyokuwa.”

Tangu hapo tukamwita Shanga.

Alisoma kwa vitabu vya kuazima, akahitimu hisabati mwaka 1985, akafundisha chuoni hadi alipougua. Kazi yake ilikuwa sarufi, lakini si za kuongea: kanuni chache zinazozaa mifuatano ya herufi, na mashine za kwenye karatasi za kuisoma. Mashine yake ilisoma nyuzi mbili kwa pamoja, kama za vinasaba mwilini, ambamo kila herufi ina mwenzake mmoja tu. Ofisini walimcheka: “Bibi Shanga, maabara yako iko wapi?”

“Kwenye kikapu cha shanga,” akajibu.

Mwaka 1990 aliolewa na fundi saa, wakajaliwa binti. Shemeji husema, “Nilioa mwalimu mmoja, shanga nikazikuta mpaka kwenye chumvi.”

Figo zilianza kumsumbua Mei 2019. Hapa, mnisamehe, sitamung'unya maneno. Mkuu wa idara yake alikuja wodini na machungwa sita, akaondoka na daftari la kazi ya miaka kumi na tisa. “Nalipitia tu, dada, kesho narudisha.” Kesho hiyo haikufika, eti lilipotea. Januari mwaka huu kazi ile ikachapishwa, jina moja juu yake, si la dada. Aliisoma, akageukia ukutani. Alifariki tarehe 3 Februari 2021, saa nne asubuhi.

Bwana mkuu, tunakuona hapo safu ya pili. Shada lako tumelipokea. Lakini miaka yote hiyo hukumjua: dada hakuandika kitu kwenye uzi mmoja. Kila ukurasa uliouchukua una mwenzake kwenye daftari la pili, herufi kwa herufi, tarehe kwa tarehe. Binti yake amelipakata sasa hivi. Jumatatu linakwenda chuoni, na hiyo ndiyo siku yako ya arobaini.

Ameacha mume, binti, kaka wawili na daftari moja.

Yeye apumzike. Sisi bado.