Mstari wa Tatu

Treni ya Chicago ilijaa watu waliotoka kazini. Verlene Oakes alipata kiti nyuma ya Mwalimu Gaines, aliyemjua kanisani kwa kukosoa hata sala za wenzake. Sasa mwalimu alikuwa akichungulia shairi ambalo msichana aliyekaa kando yake alikuwa akilisahihisha kwa penseli.

"Binti, 'Maji yamemchukua kaka' umeandika mara mbili. Umeishiwa maneno?"

"Ni bluzi, mzee, nyimbo zetu weusi za huzuni. Unasema, unarudia, kisha mstari wa tatu unajibu."

"Bluzi! Nyimbo za walevi ndizo unazotia vitabuni?"

Verlene, ambaye santuri zake za bluzi zilikaa chini ya kitanda mchungaji asizione, akatazama dirishani.

"Mto ulipofurika kwetu Mississippi," msichana akasema, "mimi ndiye niliyempelekea mama habari za kaka. Nilimwambia, hakuamini. Nikarudia vilevile. Ungekuwa wewe, ungemtafutia maneno mazuri zaidi?"

Mwalimu akakohoa. "Pole sana. Lakini unatuaibisha mbele ya wazungu." Msichana akarudia kusahihisha shairi lake, mwalimu akapaza sauti: "Nasema, unatuaibisha mbele ya wazungu!"

"Haya, umeshasema mara mbili," msichana akamjibu. "Lete wa tatu tuusikie."

Behewa zima likamgeukia mwalimu. Alifungua kinywa, lakini treni ikafunga breki, milango ikafunguka, watu wakaanza kusukumana. Kilikuwa kituo cha Verlene. Hakuinuka.