Kavira wa Bulengera

Bandugu ba shirika, mutanisamehe, mimi nitasema nikisimama, tena hapa karibu na mulango. Kukaa kunanishinda. Mon père, padri wetu, alinionyesha kiti, nikamwambia aniachilie, nitaeleza sababu.

Munanijua. Ni mimi Kavira mwenye anauzisha bunga ya mihogo ku soko ya hapa Bulengera. Na munajua sisi Banande: mutoto mwanamuke wa pili, jina ni Kavira, mambo imeisha. Nikiita Kavira hapa ndani, bamama wengi watageuka. Munacheka, mais njo hapo mateso yangu ilianzia.

Munakumbuka ule mama wa radio, mwenye alikuwa anasoma komunike ya bifo asubuhi na magaribi. Nani hapa hajalizwa na ile sauti? Wakati baba yangu alikufa, yeye njo alimusoma. Alitaja batoto bote, bajukuu bote, polepole, hakuruka hata mumoja. Ile siku nilisema ndani ya roho, hata mimi nikienda, huyu njo atanisoma. Sikufikiria kama yeye pia atakufa. Nilimuweka pembeni, sawa vile kifo haiko na njia ya kufika kwake.

Akakufa. Ugonjwa ya gafla. Asubuhi moja sauti ingine ikasoma: "Kavira wa Bulengera ametutoka." Yeye pia alikuwa Kavira, yeye pia alikuwa wa Bulengera. Donc, dada yangu mukubwa, mwenye anaishi Beni mu commune ya Ruwenzori, alikuwa anapika bouillie, uji ya asubuhi. Akasikia ile maneno, akatupa mwiko, akaanza kulia kwa nguvu, na kilio yake ikafunika yote yenye radio ilisema kisha. Akapiga simu, yangu ilikuwa imezimika. Akapanda gari. Ile barabara ya Beni munaijua, mutu anaipanda na maombi mu kinywa.

Mimi nilikuwa mu lupango, kiwanja ya nyumba, ninachunga bunga. Naona mulango inafunguka: dada yangu, na nyuma yake tantine yetu, shangazi wa Vuhovi, na maharagi ku mugongo, bote bamefunga bitambaa ku kiuno, banalia, "Kavira, umetuachia nani?" Nikasimama. Nilikuwa na bunga ku mikono, ku uso, ku nywele. Tantine akaniona mweupe vile, akaanguka.

Tulicheka, ndugu zangu. Tulipika ile maharagi ya kilio yangu, tukaikula. Mais mbele ya kurudi, dada yangu akafungua sac, akatosha kikwembe mupya, kitenge nyeupe na maua ya bleu. Nikamuuliza, "Ni ya nini?"

"Nilikuletea ya kukuvalisha." Akaiweka ku kitanda yangu, akaenda.

Toka ile siku, nawaambia, sikuwe mutu tena. Nikikaa, moyo inapiga. Nikilala, naamuka. Natembea kutoka Bulengera mpaka katikati ya mji, narudi, naanza tena. Soko nikaacha. Ku centre de santé munganga alinipima, akasema, "Mama, uko muzima." Nikamwambia, ule wa radio pia alikuwa muzima. Nikaanza kumuonyesha mutoto yangu musichana sufuria gani itakuwa yake. Akitaka kwenda masomo, namushika mukono, siachilie. Mutoto akaanza kutoka bila kuniaga. Hiyo njo iliniuma kupita yote.

Kisha mama mumoja wa hii shirika, sitamutaja, anaangalia chini, akaingia kwangu. "Kavira, ule mama alisoma baba yako. Umeenda ku kilio yake?"

"Hapana. Nitaingiaje mu nyumba yenye banalia jina yangu?"

"Vala, twende. Leo njo siku ya mwisho ya kilio."

Sikuwe na kikwembe safi hata moja, kufua pia ilinishinda. Nikavaa ile ya dada yangu. Tukaenda.

Kule, binti ya marehemu alikuwa anagawa chai. Nikamwambia jina yangu, akanishika mukono kwa muda murefu. Nikamuuliza kama mama yake hakuogopaga ile kazi.

"Mama alisoma Kavira mingi," akasema. "Kavira wa Lubero, Kavira wa Beni. Mara ya kwanza alirudi nyumbani, akakatala chakula. Kisha miaka nikamuuliza kama angali anaogopa. Akaniambia, 'Ninaogopa kila siku. Mais huyu Kavira iko na ndugu yake mwenye anasikiliza, anataka kujua kilio iko wapi. Njo maana ninasoma mpaka mwisho.'"

Mpaka mwisho, bandugu. Ku mwisho ya komunike kuko nini? Kuko pahali ya kilio, nyumba yenye batu banakuja. Mimi nilisikia jina tu, sawa dada yangu. Nikamukumbuka mu ile gari, na tantine na maharagi yake ku mugongo. Balikuja juu ya kunililia mimi. Nikalia pale: nikalia ule mama, nikamulia baba yangu tena. Kisha nikakula fufu yao, na ile usiku nililala.

Sisemi kama woga iliisha. Munaona miguu yangu, haitulie. Mais nilirudi ku soko, na mutoto ananiaga asubuhi. Wasingya, asante, mama mwenye unaangalia chini. Wasingya, dada yangu na tantine. Na munganga, juu alikatala kunipa dawa yenye sikuwe na lazima nayo. Kama niko na neno ya kuwaachia, ni hii: radio ikitaja mutu amekufa, musizime juu ya woga. Musikilize mpaka pahali ya kilio, na mwenye nguvu aende.

Leo asubuhi wamesoma Kavira wa Vuhovi. Simujue. Hii kikwembe yenye nimevaa, nyeupe na maua ya bleu, njo ile. Motari, mwenye pikipiki, ananingojea hapa inje. Muendelee na maombi, mimi naenda kwa Kavira.