Gitaa la Didas Lakaguliwa Kimara

Pale Kimara, ukishaiacha lami ya Barabara ya Morogoro na kuteremka na njia ya vumbi mpaka kwenye bucha lenye rangi ya kijani, kuna benchi la mbao ambalo kazi yake ni kukagua. Hapo hakipiti kitu kipya bila ukaguzi. Simu mpya hukaguliwa, viatu hukaguliwa, na mwaka jana alikaguliwa mchumba wa mtu, akaulizwa maswali mpaka akasahau jina la babu yake. Wakaguzi ni watatu. Injinia, jina lake Twalib, hutengeneza mafeni na anaamini dunia nzima ni feni. Mheshimiwa, yaani Marijani, amegombea uenyekiti wa mtaa mara mbili, na mara zote mbili mtaa ulimwonea huruma ukamwacha apumzike. Diaspora ni Talha, aliyekaa Maskati miezi mitano akarudi na ujuzi wa miaka hamsini. Alasiri hiyo ya Jumatano, Mfaume muuza kahawa alikuwa ameshamimina duru ya kwanza Didas alipotokea na gitaa lake jipya.

Didas hakuja kutamba. Alikuja kuomba sikio. Kwa miaka thelathini alipiga ridhimu kwenye bendi za ukumbini, mpaka mtaa ukamwita Ridhimu, na nyumbani alikuwa na gitaa la boksi, lile lisilotaka umeme, pana kama tumbo la mwenye bucha. Kisha bodaboda ikamwangusha, mfupa wa bega ukaunga vibaya, na mkono wa kulia ukashindwa kulizunguka lile boksi. Miaka miwili hakugusa waya. Sasa Jumamosi ni sendofu ya binti yake, Demetria, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, na binti hakutaka zawadi nyingine kwa baba ila apigiwe wimbo mmoja. Didas akaliuza lile pana, akatafuta hili dogo, jembamba kiunoni, ambalo mkono unalifikia bila bega kulalamika. Siku tatu amelipiga chumbani, madirisha yamefungwa. Masikioni mwake lilikuwa linalia vizuri mno, na hilo ndilo lililomtia hofu, maana hakuna mzazi aonaye mwanawe mbaya. Demetria alitaka jibu jioni hiyo, ratiba ichapwe. Didas alihitaji mtu mmoja tu amwambie kama linafaa, au amwachie diijei.

— Lilaze hapa, alisema Injinia, akipangusa benchi kwa kiganja.

Didas akalilaza. Wote wakainama.

— Mbona kadogo? aliuliza Mheshimiwa.

— Ndivyo lilivyoundwa. Yapo mengine makubwa, ila hili kwenye...

— Pole sana, braza. Wamekupunja.

— Hawajanipunja, nimelichagua.

— Mkate ulianza hivihivi. Ukapungua kidogo, tukanyamaza. Ikafuata sabuni, tukanyamaza. Leo wamefika kwenye magitaa. Ndiyo maana wahenga wakasema haba na haba hujaza kibaba.

Methali hiyo ilikuwa inampinga mwenyewe, lakini kwa Mheshimiwa methali ni kama chumvi, haiulizwi inakwenda kwenye chungu gani.

Injinia akachomoa futi yake mfukoni, akapima gitaa mgongoni, kiunoni na kifuani, akiandika namba kwenye kiganja kwa kalamu ya wino.

— Kifua sentimita thelathini na nne, alisema. Hesabu hii mie naijua. Feni la dari linapuliza ukumbi mzima. Feni la mezani linakupuliza wewe na kikombe chako. Sauti ya hili inatoka hapa, inafika kwa Mfaume pale, inakata. Siku ya sendofu meza kuu watasikia Jumamosi, waliokaa nyuma watasikia Jumatatu.

— Si kutakuwa na maikrofoni? alisema Didas.

— Ishu si maikrofoni. Ishu ni kifua.

Didas akameza kahawa na majibu yake pamoja. Alitaka kuwaeleza kwamba lile pana lilikuwa linanguruma, waya mnene ukiwafunika wenzake, ila kwenye hili kila waya unasikika peke yake, hata ukiugusa kwa ncha ya kidole. Alitaka kuwaambia kwamba ukilipakata unalisikia mbavuni kwanza, ndipo sikioni. Hayo ni maneno ya mtu aliyependa, na mtu aliyependa huchelewa kupata pa kuanzia.

— Sikilizeni, alisema. Kwenye hili kila waya...

— Kule Maskati, alisema Diaspora, na Didas akajua zamu yake imekwisha.

— Kule Maskati wanaelewa mambo haya, aliendelea Diaspora. Kila chombo kikubwa kina mwenyewe ndani. Jini. Yule ndiye anayelia, mpigaji anamsindikiza tu. Sasa niambieni, kwenye hili jini akae wapi? Akunje miguu?

— Labda jini mpangaji, alisema Mfaume, akijaza vikombe. Chumba kimoja, choo cha nje.

— Ndiyo hivyo. Na mpangaji wa namna hiyo hana raha ya kuimba.

— Nyie mnakwenda mbali, alisema Mheshimiwa. Tatizo ni mbao changa. Huu mti umekatwa kabla haujabalehe. Gitaa hili bado linakua. Linatakiwa lianikwe jua la asubuhi, lile la saa moja, litatanuka lenyewe. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Litakua mpaka Jumamosi? aliuliza Didas. Uvumilivu ulikuwa umeshamwisha.

— Inategemea na malezi.

Injinia akasema ukaguzi bila uzito haujakamilika. Basi watu wazima watatu wakalibeba gitaa kwa heshima zote mpaka buchani, Didas akiwafuata nyuma mikono mbele, kama anayesubiri mtoto adondoke. Mwenye bucha akafuta mizani, akaliweka. Kilo moja na nusu. Kwa mazoea, akauliza kama alikatekate.

Waliporudi kwenye benchi, Mheshimiwa alisimama. Hakuna aliyemwomba asimame.

— Kamati imeona. Chombo ni kizuri kwa ukuta. Unakipigilia msumari sebuleni, wageni wanakisifia. Sendofu mwachie diijei, Ridhimu. Usituaibishie mtoto.

Kauli iliyomchoma Didas ni hiyo ya mwisho. Kwa saa moja na nusu alikuwa anangoja mmoja wao aseme neno dogo, piga tusikie, na hakuna aliyelisema. Akaanza kuona haya kwa kuja. Akatoa simu. Ujumbe wa Demetria ulikuwepo: Baba, MC anasubiri. Akaandika, Mwanangu, naona ni bora. Kidole kikakwama hapo.

Ndipo akaja Nusaiba, dada aliyehamia mtaani juzi na kufungua saluni karibu na bucha, ameshika chupa ya chai anataka ijazwe kahawa ya wateja wake.

— Shikamooni.

— Marahaba, waliitikia wote.

Akaliona gitaa.

— Zuri. Linaliaje?

Injinia akakitazama kiganja chake. Namba zote zilikuwepo, hiyo haikuwepo. Mheshimiwa akamnyooshea Mfaume kikombe kijazwe. Hata Maskati hakukuwa na habari.

— Hatujafika huko, alisema Injinia hatimaye.

— Kwani mmeanza saa ngapi?

— Saa tisa, alisema Mfaume, ambaye hakuulizwa.

Nusaiba akaangalia saa ya simu yake, akawaangalia wazee mmoja mmoja, kisha akaketi kwenye kona ya benchi.

— Baba, mie naomba nisikie.

Didas akarudisha simu mfukoni. Akalipakata gitaa, mkono wa kulia ukashuka juu yake bila bega kusema neno. Alianza taratibu, kwa ridhimu ya zamani aliyokuwa akimpigia Demetria alipokuwa na homa, vidole vikisitasita mwanzo, kisha vikakumbuka. Sauti haikuwa kubwa. Ilikuwa safi, kila waya na neno lake, na mwenye bucha akaacha kunoa kisu. Alipokosea mara moja katikati hakuna aliyecheka. Alipomaliza, Nusaiba alikuwa anafuta macho kwa ncha ya mtandio na chupa yake bado tupu.

Mheshimiwa alikohoa.

— Mie toka mwanzo nilikuwa nasema, mdharau mwiba mguu huota tende.

Kwa mara ya kwanza mwaka ule methali yake ilikuwa mahali pake, na hakuna aliyemsikiliza. Didas alikuwa ameshapiga simu.

— Demetria, mama, mwambie MC aniweke. Na mnitafutie kiti kisicho na mikono. Vile vya meza kuu vina mikono, gitaa halikai.