Boksi la Kompyuta Lililonirudisha Ushirombo

Ndugu zangu wa jumuiya, wakubwa shikamooni. Niacheni niongee nimesimama, maana nikikaa nitaishiwa nguvu kabla sijasema nililokuja kusema.

Wengi mnanijua kwa kutengeneza redio. Kila nilicholetewa nilikijaribu kwa betri ya pikipiki na nyaya mbili zilizochunwa ncha, basi. Kazi ilinikubali hadi nikaota mapembe. Sikuona fundi mwingine hapa Ushirombo.

Ndipo ikaletwa amplifaya ya kigango chetu, ile inayokuza sauti kanisani, inakoroma tu. Aliyeileta ni yule mzee aliyekuwa akitunza vyombo vyetu, kaifunga kwenye baiskeli kwa mpira. Alipoondoka nikaanza kuijaribu huku napiga soga na mteja. Nikageuza nyaya, chanya kwenye hasi. Betri ya pikipiki haina huruma, inasukuma umeme hadi kitu kiungue. Moshi ukatoka.

Mzee aliporudi nikamwambia, "Baba, hii imefika imeshakufa. Labda iligonga njiani."

Ndugu zangu, nawaambia, uongo ule ulitoka laini kama uji. Mnakumbuka yaliyofuata. Mlisema mzee kaiangusha, akakatazwa kugusa vyombo. Pasaka tukaimba bila spika, naye akakaa benchi la nyuma kabisa.

Nilishindwa kumtazama. Nikaacha kuja sala, nikafunga kibanda, nikaenda Geita kuponda mawe ya dhahabu na akina mama wenzangu. Niliwaaga kwamba naenda kutafuta maisha. Nilikuwa nakimbia.

Huko, tulipokuwa tunachajisha simu, palikuwa na fundi. Mezani kwake nikaona boksi la bati lenye feni, nyaya za rangi rangi zinatoka.

"Hiyo pawa saplai, kilisha umeme cha kompyuta iliyokufa," akaniambia. "Unaunga waya wa kijani na mweusi, inawaka. Njano inakupa volti kumi na mbili, nyekundu tano."

Kisha akagusanisha njano na nyeusi makusudi! Nikafumba macho. Hakuna moshi. Feni ilisimama tu.

"Ikipata shoti inajizima yenyewe, mama."

Nikalia mbele ya mtu nisiyemjua. Ningekuwa na boksi kama lile, nisingeunguza kitu wala kumsingizia mtu. Fundi hakuniuliza mengi, alinipa lingine la kujifunzia. Langu lilikuwa likiwaka na kuzima papo hapo, hadi aliponionyesha kulifungia taa ya pikipiki ili liwe na mzigo wa kubeba, maana bila kitu cha kulisha umeme halikai likiwaka.

Nikarudi nalo. Kabla ya kufika kwangu nikapita kwa mzee, nikapiga magoti. "Shikamoo baba. Niliiunguza mimi."

Akasema marahaba, akaingia ndani, akatoka na ile amplifaya, aliyoachiwa kama chuma chakavu, kaiviringisha kwenye kitenge.

"Basi itengeneze. Mengine yaishe hapa hapa, usiwaambie watu."

Nilipoijaribu, boksi likajizima. Nikatoa transista iliyokufa, nikaweka nyingine, likajizima tena. Siku tatu nilihangaika hivyo, na kila likijizima nilimshukuru Mungu, maana hakuna kilichoungua. Siku ya nne feni haikusimama. Spika ikaitikia sauti yangu.

Jumapili spika ilipolia kanisani mlinipigia makofi na vigelegele. Mzee alikuwa kule nyuma, anapiga na yeye. Jamani, makofi yale yaliniuma kuliko matusi.

Namshukuru Mungu. Namshukuru fundi wa Geita, na akina mama wa mawe walionigawia ugali siku ambazo sikupata kitu. Nanyi asanteni kwa kunipokea bila maswali. Funzo langu ni dogo: ukishajua umekosea, jizime hapo hapo, usisubiri kumuunguza mwenzio.

Na wewe baba, wabeja sana, asante kwa Kisukuma chetu. Uliniambia nisiseme, lakini leo sikutii. Ndugu zangu, mzee huyu hakuangusha kitu. Mimi nimeshamwomba msamaha. Sasa ni zamu yenu.