Mlango Uko Wazi: Maisha ya Placidius Kakuru

Ndugu na majirani mliofika hapa Kituntu, poleni na safari. Marehemu Placidius Kakuru alizaliwa papa hapa mwaka 1914, mtoto wa pili wa mzee Rwegoshora na mama Eustadia. Siku yenyewe haikuandikwa. Mama yake alikumbuka tu kwamba alikuwa amefukia ndizi za rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwenye shimo lililopashwa moto ili ziive, na kwa sababu ya uchungu wa kujifungua, zikapitiliza.

Alibatizwa Pasaka ya mwaka 1923, akasoma kwa katekista hadi akaweza kusoma na kuandika jina lake. Hesabu zilimkataa, naye hakuzibembeleza.

Mwaka 1936 alikwenda Kyerwa kwenye machimbo ya bati, kazi yake kukata nguzo za kushikilia dari la handaki. Tarehe 9 Julai 1938 alifunga ndoa na Margreth Kemilembe wa Nyakakika, binti wa wafugaji. Miaka kumi baadaye akamchukua shemeji yake, Ndyamukama, wakafanye kazi pamoja. Mama mkwe hakupendezwa.

"Umemtoa kwenye ng'ombe ukamtia shimoni," alimwambia. "Utanirudishia."

Neno hilo marehemu alilibeba.

Desemba 1949 wachimbaji walikuwa wakiandaa rubisi ya Noeli. Mmoja wao, Kashaija, akaona kuchimba shimo la kuivishia ndizi ni kujisumbua, wakati handaki ni shimo tayari. Akazipanga ndizi kwenye kona karibu na mlango, akawasha moto, kisha akapanda kilimani, juu ya handaki, kuziba tundu la hewa kwa majani ya mgomba ili joto lisitoroke. Ndyamukama na wenzake walikuwa ndani zaidi, wanachimba. Moto ukashika nguzo, na moshi, ulipokosa pa kutokea, ukawafuata huko huko.

Waliokuwa nje wakafanya kile wanachofanya shambani moto wa shimo unapozidi: wakashika majembe waufukie mlango. Marehemu akasimama mbele yao.

"Mnafukia ndizi, au mnafukia watu?"

"Moto ukikosa hewa unakufa, Kakuru!" alisema Kashaija.

"Na shemeji yangu je? Yeye atavuta udongo?"

Akapanda kilima mbio, akayang'oa yale majani kwa mikono. Moshi ukatoka pale juu kama ng'ombe waliofunguliwa zizi, na huku chini mlango ukaanza kuonekana. Wenzake wakatupa majembe, wakateka maji ya mfereji wa kuoshea madini, wakaumwagia moto. Yeye akaingia akitambaa, shuka iliyolowa usoni.

"Ndyamukama! Pua chini! Fuata sauti yangu!"

Kikajibu kikohozi. Marehemu alizoea kusema hajawahi kusikia kikohozi kitamu namna ile. Wote walitoka hai. Ndizi ndizo zilizoteketea.

Alimpeleka Ndyamukama Nyakakika, wote wawili wakiwa na nguo zile zile.

"Shikamoo mama. Nimemrudisha."

Mama mkwe akamnusa mwanawe shingoni. "Ananuka moshi," akasema. Kisha akacheka, machozi yakimtoka. "Basi, moshi utatoka. Kaeni mnywe maziwa."

Tangu siku ile, kila asubuhi kabla watu hawajaingia handakini, marehemu alipanda kuweka kiganja juu ya lile tundu, asikie hewa inapita.

Mwaka 1954 kifua kilianza kumsumbua, akaacha kazi, akarudi kwenye migomba yake. Hakuweza kulala mlango ukiwa umefungwa, hata wakati wa baridi. Kemilembe akawa anamwongezea blanketi badala ya kubishana naye. Ndyamukama alimletea maziwa kutoka Nyakakika. Alfajiri ya Jumatano, 14 Agosti 1957, pumzi ilimlainikia kuliko siku nyingi.

"Mlango?" aliuliza.

"Uko wazi, shemeji," alijibu Ndyamukama.

Akatabasamu, akalala, hakuamka tena. Tunalia, lakini tunashukuru: hakuhangaika.

Ameacha mjane, Margreth Kemilembe. Watoto wake Yustus, Kembabazi na Kemigisha. Kaka yake Felisiani. Na shemeji yake Ndyamukama, aliyerudishwa. Rubisi ya leo imeletwa na Kashaija, na ametuapia kwamba ndizi aliziivisha shambani.

Kakuru, pumzika kwa amani, mahali pasipo na moshi.