Aliyempekua Mama Mkwe

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mlinzi mkuu wa geti la mahakama yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili. Jina la kwenye kitambulisho chake wengi tumelisahau. Kwetu ni Mzee Fungua tu, maana hilo ndilo neno la kwanza analomwambia kila mwenye mkoba.

Sheria ya visu anaijua kama sala. Ukikutwa na kisu hadharani bila sababu halali, ni kifungo hadi miaka miwili, faini, au vyote viwili. Ukirudia, jela haina mjadala. Foleni imesomewa hayo kila asubuhi, hata mvua ikinyesha. Hakimu mwenyewe aliwahi kunyang'anywa kisu cha matunda, na siku hiyo alimenya chungwa kwa meno.

Lakini mtihani wake mkubwa ulikuja mapema, alipokuwa kijana aliyepeleka posa na kusubiri jibu. Mama wa binti aliamua kuja kumwona mposaji kazini, bila taarifa. Kijana akamwambia afungue kikapu, na ndani kulikuwa na kisu cha jikoni kirefu kama cha mchinjaji. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amemkamata mtu aliyeficha kisu ndani ya soksi, na foleni nzima ilikuwa inamtazama. Angejifanya hajaona, nani angemlaumu? Alimwomba mama radhi, akamwita askari.

Kizimbani mama alieleza kwamba alikuwa anakipeleka kwa fundi wa kunoa. Hakimu alipapasa makali yake, akaridhika kwamba kisingekata hata ndizi mbivu, akamwachia. Alipoulizwa kama anamfahamu mlinzi, mama alijibu kwamba hamjui, wala hana mpango wa kumjua. Ofisi nzima tulijua posa imekwenda na maji.

Wiki tatu baadaye jibu likaja: amekubaliwa. Mama aliwaambia wazee kwamba wakwe zake wengine humdanganya kwa kumwogopa, afadhali huyu. Ila tangu hapo mkwe akipiga hodi, mama humpekua mifuko kwanza.

Mzee Fungua amekuwa akiogopa siku hii. Alituambia bila geti hajui atakuwa nani. Wiki iliyopita mama, sasa bibi kizee wa mkongojo, alikuja kumlalamikia msajili wa mahakama kwamba tunamkawiza mwanawe kurudi nyumbani. Alisema mwanawe, siyo mkwe, mbele ya foleni nzima. Mzee wetu aliinamia mkoba mtupu, akaukagua mpaka machozi yakamkauka.

Asante kwa kutulinda, Mzee Fungua. Tunakukabidhi kwa mama yako, ukaishi vizuri.