Cecil Nandonde na Mashine Kumi na Nne Alizosingiziwa

Aliyelala hapa mbele yetu ni Cecil Benedikto Nandonde. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 hapa hapa Mnyambe, wilaya ya Newala, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Benedikto na Mama Dominika, yule pale aliyeketi mkekani. Alibatizwa wiki mbili baadaye, na Mama anasema alimkunjia uso hata padri. Tangu uchanga hakupenda kushikwa na mtu asiyejua anachofanya.

Alisoma shule ya msingi Mnyambe kuanzia 1987 hadi 1993, kisha sekondari Newala hadi 1997. Kwa hesabu alikuwa wa kwanza, kwa kufunga mdomo alikuwa wa mwisho. Siku moja mwalimu alikosea jibu ubaoni, Cecil akasimama: "Shikamoo mwalimu. Hilo siyo." Akachapwa. Kesho yake mwalimu akalifuta jibu lake kimyakimya, Cecil akacheka, akachapwa tena. Mwaka 1999 alihitimu elektroniki katika chuo cha ufundi Mtwara.

Kuanzia 2000 hadi 2007 alifanya kazi ghalani Newala, akipima ubora wa korosho. Pale alijifunza kwamba gunia halipimwi kwa korosho za juu, kwa sababu za juu ndizo zilizopangwa zionekane. Alijifunza pia kwamba ukishakata sampuli na kuandika daraja, wewe na mwenye mzigo mnasaini karatasi, na nakala inabaki ndani ya gunia. "Mtu akija kukuruka kesho," alikuwa akisema, "unafungua gunia lake mwenyewe."

Tarehe 5 Agosti 2006 alifunga ndoa na Ursula. Kwenye sherehe alimwonya mshereheshaji kwamba spika ya kushoto haitafika saa nane mchana. "Bwana harusi, tulia, leo siyo siku ya ufundi," akajibiwa, ukumbi ukacheka. Saa nane kasoro dakika kumi spika ikakata, ikazima na ya kulia, maharusi wakakata keki bila muziki. Ursula anasema hapo ndipo alipojua ameolewa na mtu wa namna gani. Walijaliwa watoto wawili, Esther na Ebenezer.

Mwaka 2008 alifungua karakana ya kompyuta Masasi, jirani na stendi. Alichokipenda kuliko vyote ni prosesa, kile kidude cha mraba ambacho ndicho ubongo wa kompyuta. Kiwanda huzipa jina moja na kasi moja, ile ambayo hata iliyo dhaifu kuliko zote itaimudu. Ukitaka kuzipandisha juu ya hapo, ndipo zinapoachana. Zilizotengenezwa mkupuo huu zinapanda na kubaki baridi. Za mkupuo ule, jina lile lile, zinadai umeme zaidi, zinachemka, zinaganda. Mwaka na wiki ya kutengenezwa vimechorwa mgongoni, kwa mwenye macho. Cecil hakuamini hata maandishi hayo peke yake. Kila moja aliikimbiza kwa saa sita akiwa na kipimajoto mkononi. Wale waliopandisha prosesa moja ikakubali, kisha wakatangaza kwamba zote zinakubali, aliwaita wapima magunia kwa macho.

Mmoja wao ni Bwana Gwakisa. Mwaka 2022 alikuwa mkuu wa mitambo katika kituo kimoja cha mafunzo ya kuhariri video pale Masasi, mwenye tai, vyeti ukutani, na sauti ya mtu anayehutubia hata anapoomba maji. Kituo kilikuwa na mashine ishirini na nne, kikamwita Cecil aziongezee kasi. Alizipima siku tisa. Kumi, za wiki ya kumi na mbili, zilikubali. Kumi na nne, za wiki ya thelathini na moja, zilikataa.

"Hizi kumi nimezipandisha," Cecil akamwambia. "Hizi kumi na nne usiziguse kabisa."

"Fundi, zote jina moja. Unaniletea uganga hapa?"

"Nimezipima. Soma."

"Lete nisaini, nina kikao."

Akasaini karatasi ishirini na nne, simu sikioni, bila kusoma hata moja. Cecil akabandika kila karatasi ndani ya mashine yake, kama ghalani, akaenda zake.

Haikupita wiki mbili mtaalamu wetu mwenye tai akachukua mipangilio ya ile mashine bora kuliko zote, akaimwaga kwenye zote ishirini na nne. Zilipoyumba, akaziongezea umeme. Loo, akili hiyo! Tarehe 17 Novemba 2022, siku ya mtihani, kwenye joto lile la Masasi, mashine kumi na nne zilizimika moja baada ya nyingine, na kazi za wanafunzi za miezi mitatu zikapotea. Bwana Gwakisa akatoka nje, akanyoosha tai, akasema, "Fundi wa stendi ametuunguzia mashine."

Na mji mzima ukameza. Cecil aliomba kitu kimoja tu, mashine zifunguliwe mbele ya watu. Kituo kikazifungia stoo. Wateja wa miaka kumi na minne wakaanza kupita upande wa pili wa barabara; wengine wao wapo hapa, mmevaa vitenge vizuri. Cecil alisema si kitu, ila ilimuuma. Ursula alikuwa akimkuta anafuta vumbi meza ile ile mara tatu kwa siku.

Septemba 2024 aliugua figo. Mei mwaka huu alikuwa amelazwa alipotembelewa na Careen, mmoja wa wanafunzi waliopoteza kazi zao, ambaye sasa ana steshenari Tandahimba. Kituo kilikuwa kimeuza mashine mbovu kama vyuma chakavu. Alinunua moja, akaifungua.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umekuja kunisema?"

Careen akampa karatasi. *Wiki 31. Isipandishwe.* Saini mbili. Akaanza kulia. "Nisamehe, fundi. Miaka miwili na nusu nakulaani."

"Futa machozi, utalowanisha ushahidi," Cecil akasema. Kisha akamgeukia mkewe. "Mama Esther, mimi nilikuwa najua. Waambie wao."

"Nitawakusanya wapi, Baba Esther?"

"Siku ya kunizika. Watakaa mpaka mwisho, wanasubiri wali."

Alifariki Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake ukiwa katika mkono wa Ursula.

Juzi kamati ya mazishi ililetea familia rasimu ya wasifu huu. Ilisema: "Marehemu alikuwa na mapungufu yake kikazi, lakini tulimsamehe." Aliyeiandika ni mjumbe wa kamati, Bwana Gwakisa. Kumsamehe! Nani alimwomba? Familia iliichana, na dada yake, Agatha, akaandika hii anayoisoma. Karatasi ile aliyoileta Careen imechapwa ukurasa wa nyuma wa ratiba. Geuzeni.

Marehemu ameacha mama, mjane, watoto wawili, na dada mmoja mwenye hasira.

Kinachofuata kwenye ratiba ni salamu za kituo, zitakazotolewa na Bwana Gwakisa. Hatukumfuta. Bwana Gwakisa, simama, maiki hii hapa. Waambie watu hawa nani aliziunguza, ndipo tumshushe ndugu yetu kaburini akapumzike. Tutasubiri.